Mikwaruzo Saba ya Mzee Kulwa

Mwanangu, siku Maganga aliponiletea kisu cha baba yake nilipaswa kusema maneno machache tu: "Sikiwezi, peleka kwa fundi mwingine." Sikusema. Nilinyoosha mkono nikakipokea, na kijicho kilikuwa kimenijaa hadi kooni.

Nilikuwa kijana wa Katoro, nimemaliza sekondari, nakusanya visu vya kukunja vya askari wa zamani. Vingine nilivipata Nyarugusu kwa wachimbaji waliovitumia kukatia kamba za ndoo, vingine kwa wazee wa Segese waliokuwa wakimenyea viazi. Nilivilowesha kwenye mafuta ya taa siku tatu, nne, mpaka kutu ikaachia, kisha nikasugua viungo kwa mswaki mkuukuu. Watu walikuja kuvitazama. Nami nilizoea kutazamwa.

Maganga, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alikuwa na kisu kimoja tu. Baba yake, Mzee Kulwa, alirudi nacho kutoka vita vya Burma. Kilikuwa na mpini wa pembe nyeusi na mwiba wa chuma wa kufumulia mafundo, na kutu ilikuwa imekigandisha hata hakifunguki. Lakini Maganga alipokitoa mfukoni pale kwa muuza chai, watu waliviacha vyangu mezani wakamzunguka yeye.

"Wewe una sanduku la vyuma," muuza chai akanitania, "mwenzako ndiye mwenye kisu!"

Wakacheka, nami nikacheka. Moyoni nilikuwa naungua. Baba yangu hakwenda vitani. Aliniachia jembe, na wakati ule niliona haya kulitaja.

"Kifungue tu, ndugu yangu," Maganga aliniambia. "Mzee haoni tena. Anataka akishike kikiwa kinafunguka kabla hajaondoka. Ile mikwaruzo usiiguse. Ah, nakufundisha nini? Wewe ndiye uliyenifundisha mimi."

Ni kweli, nilimfundisha. Alichokwaruza askari kwa mkono wake, fundi hagusi. Na kwenye pembe ile palikuwa na mikwaruzo saba, mmoja kwa kila mwenzake Mzee Kulwa aliyezikwa huko ugenini.

Kisu kilifunguka siku ya tano. Kililia tak! kikasimama wima, kizuri kuliko vyangu vyote. Hapo ndipo nilipochukua msasa. Nilisugua ile pembe mpaka ikawa laini kama punje ya harage. Nilijiambia naking'arisha. Uongo, mwanangu. Nilijua ninachokifuta.

Nilikifunga kwa kitambaa. Maganga aliniamini, hakukifungua. Tukaenda pamoja kwa baba yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, ng'wanawane." Ndivyo wazee wetu wa Kisukuma wanavyomwita mtoto wao.

Akakishika. Kidole gumba kikapita kwenye pembe, kikarudi, kikapita tena.

"Hiki si changu," akasema. "Maganga, wenzangu umewapeleka wapi? Umemuuzia nani?"

Maganga akakitazama kisu, akanitazama mimi. "Baba, ni chenyewe. Fundi amekisugua."

"Fundi huyu anayekataza kusugua? Usimsingizie mwenzako." Akanigeuzia yale macho yasiyoona. "Ni kweli, kijana?"

Mlango ulikuwa bado wazi kwangu, mwanangu. Nikajibu, "Sijui, Mzee. Nilikipokea hivyo hivyo."

Ndiyo sababu nakuambia: ukiona cha mwenzako kinakuchoma moyo, usikubali kukishika, hata akikubembeleza. Mwambie aende kwingine, ukae na kijicho chako mpaka kipoe. Na kama umekwisha kuharibu, sema mapema, angali hai yule anayehitaji kusikia. Mimi nilimwendea Maganga kukiri baada ya matanga ya baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mungu akupe mikono ya kurudisha kitu cha mtu kama ulivyokipokea, na rafiki wa kuzeeka naye.

Sanduku langu lina visu thelathini na vinne leo, vyote vinafunguka. Maganga hupita hapa kila siku ya mnada, naye sasa anatembelea fimbo, na hanisalimu. Baba yake alikufa akiamini amezaa mwizi. Mwizi nilikuwa mimi.