Tuni ya Molly Si ya Starehe

Kemuma Onyiego amechuma majani chai karibu na Kericho tangu amalize shule ya msingi, na kila Jumapili hupiga tromboni katika bendi ya kanisa lao. Bendi hiyo ina jina. Harusi nyingi za huku hazianzi mpaka tarumbeta zake zilie. Mwaka jana ilitoa albamu ya muziki mtupu, usio na maneno, wa mtu kusikiliza akipumzika.

Kemuma aliisikia kwa mara ya kwanza katika hoteli moja mjini, akiwa na chai na mandazi mezani. Akaitambua tromboni yake mwenyewe ikitoka kwenye spika juu ya friji ya soda.

"Hii inaitwaje?" akamuuliza mhudumu.

Dorine, yule mhudumu, akaangalia simu. "'Jioni ya Starehe.' Wateja wanaipenda sana. Inafanya mtu akae tu."

Kemuma akaondoka, chai hajaigusa.

Tuni hiyo aliitungia Molly, mdogo wake, aliyefia kando ya barabara akijifungua kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Aliipiga kwanza kaburini, na Nyang'au, mwalimu wa bendi, alikuwa hapo hapo akilia.

Alimkuta Nyang'au kanisani akipangusa tarumbeta.

"Mwalimu, nani alikuambia hiyo ni starehe?"

"Albamu ni ya kutuliza watu, Kemuma. Nikiandika mambo ya matanga, nani atasikiliza?"

"Mimi sikupiga ndio watu watulie. Nilipiga nikiwa na hasira!"

"Sasa imeshatoka. Na inasifiwa."

"Inasifiwa na watu wanakula chipsi, hawajui wanatafunia juu ya kaburi la nani."

Nyang'au akaendelea kupangusa.

Jumapili iliyofuata bendi ilipiga albamu nzima uwanjani pa kanisa. Mtangazaji akaita "Jioni ya Starehe." Ni Kemuma ambaye huianza peke yake. Mwalimu akainua mkono. Kemuma akalaza tromboni mapajani. Mkono ukainuliwa tena. Watu wakaanza kunong'ona.

Ndipo akasimama. "Hii tuni inaitwa Molly. Ni dada yangu. Alikufa akingojea gari ambalo lilikuwa limeegeshwa tu, halina mafuta. Mkitaka starehe, tafuteni nyingine."

Mama yao, Phelis, alikuwa kwenye viti vya nyuma. Akainuka, akashika kiti cha mbele yake. "Sasa piga," akasema.

Kemuma akapiga kwa nguvu, bila ule ulaini waliomlazimisha studioni. Mpiga ngoma akamfuata kwa kishindo. Watu wote wakasimama, na hakuna aliyeketi mpaka walipomaliza.

Nyang'au hakuomba msamaha, lakini wiki hiyo alibadilisha jina mtandaoni: sasa ni "Molly." Bendi inapanga albamu nyingine. Kemuma amemwambia mwalimu hatatia tromboni mdomoni studioni kabla ya kusikia kila tuni itaitwaje.