Mwenye Nyumba wa Kikale

Byabato mume wangu akiwasimulia habari za Kikale, huwasimulia bomba linalotoa maji ya moto na kitanda kilichommeza mpaka masikio. Ni kweli, lakini kisa chenyewe si hicho. Kisa chenyewe hakitaji kwa sababu kinamhusu yeye. Mtazameni pale anavyochonga mpini wa jembe, anajifanya hasikii. Anasikia huyo, kila neno!

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio la Arusha. Byabato alitangazwa mkulima bora wa kahawa wa tarafa nzima. Nani aliipalilia hiyo kahawa, nani aliianika, nani alikimbia kuianua mvua ikija? Tuyaache. Zawadi yake ilikuwa kulala Kikale na mkewe, kula na kunywa bure. Kikale kwetu ni nyumba ya mfalme, na ndivyo watu walivyoiita ile hoteli ya ufukweni Bukoba, kubwa kuliko zote, yenye ngazi za mawe yanayong'aa. Zamani walilala humo wazungu na mabwana wakubwa, kisha serikali ikaichukua. Wafalme wenyewe walikuwa wameshaondolewa.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Tangu nianze kushika kisu nilikuwa namenya ndizi: za mama yangu, za mama mkwe, kisha za huyu. Ukiacha siku za uzazi, ambazo mtu hula huku anaugulia, sikuwahi kuketi nikaletewa sahani ya chakula ambacho sikukipika. Nilitaka kuwa mgeni. Mara moja tu, jamani, kabla sijafa.

Tukapanda basi kutoka kijijini kwetu Ijumbi. Yeye kavaa koti la harusi, begani mkungu wa ndizi, maana mgeni haendi mikono mitupu. Mfukoni alikuwa na kifurushi cha akamwani, ile buni yetu ya kutafuna, inayochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa. Tulipoingia, utomvu wa ule mkungu ukadondoka kwenye ile sakafu mpaka nikaona haya.

Alitupokea mtu mmoja wa Kashai palepale mjini, Bashiri, mkubwa wa wahudumu, koti jeupe vifungo vya shaba.

"Karibuni, ndugu zangu," alisema.

"Ahsante. Mwenye nyumba yuko wapi, nimsalimu?"

"Meneja amesafiri kidogo, ndugu."

"Sikuulizi msimamizi. Nauliza mwenye nyumba."

Kwetu mgeni hali kabla mwenye nyumba hajamwona na kumwekea kahawa kiganjani. Ukila bila hiyo, una tofauti gani na mwizi aliyeingia kwa uani? Mimi hayo nayajua, nimezaliwa humo. Lakini mezani palikuwa na kitambaa cheupe, na juu yake samaki sato mzima, wali, na mchuzi uliokuwa unanukia mpaka mate yakanijaa kinywani. Nikashika uma. Byabato akanishika mkono.

"Mama Protase, hatujasalimiwa."

Sahani zikarudishwa jikoni zimejaa. Nililia. Sioni aibu kusema, nililia machozi. Jioni ikawa vilevile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema, na mimi mgeni nilikuwa nakufa! Tukalala njaa kwenye kitanda cha kifalme, tumbo langu linanguruma, lake linaitikia.

Asubuhi Bashiri alikuja chumbani uso umesawijika. Wageni wa heshima wakifa njaa mikononi mwake, angewaeleza nini wakubwa?

"Ta Byabato," alisema, sasa kaacha undugu, anamwamkia kama mzee wa Kihaya, "nikuambie kweli. Mwenye nyumba unayemtafuta hayupo. Waliokuwa nayo waliondoka. Hii sasa ni mali ya wananchi. Ni nyumba yako wewe, na mama hapa."

"Yangu?"

"Yako kabisa."

Nikasema moyoni, Bikira Maria ahsante, sasa tunakula. Loo! Miaka yote ile, kumbe mume wangu nilikuwa simjui.

Alifunga vifungo vya koti vyote. Akashuka ngazi polepole, mkono nyuma, akaenda kusimama mlangoni pa ukumbi wa chakula. Kila aliyeingia akashikwa mkono, akaulizwa habari za kwao, akawekewa akamwani kiganjani. Maofisa wa mkoa walipewa. Padri alipewa. Mzungu mmoja mtaalamu wa mabwawa alimeza yake na maji, kama klorokwini. Byabato akawa anapita kati ya meza, "Kuleni, kuleni, msione haya," wakati sisi hatujagusa kitu, maana mwenye nyumba hali kabla wageni hawajashiba! Kisha akanigeukia.

"Mama Protase, mbona umekaa? Tuna wageni!"

Na kidole kikaonyesha jikoni.

Mnajua nilifanyaje? Nilisimama. Mimi mpumbavu nilisimama, miguu ikaenda yenyewe. Nikafika jikoni, na pale sakafuni nikaukuta ule mkungu wetu tuliotoka nao Ijumbi, haujamenywa, na kisu juu yake. Nikakiokota. Hapo hasira ikanipanda, kwanza miguuni, kisha kifuani, kisha ikafika mdomoni. Nikarudi ukumbini na kisu mkononi. Vijiko vikanyamaza.

"Ta Byabato, nyumba hii ya nani?"

"Ya wananchi."

"Mimi si mwananchi?"

Akageuka kumpa mkono mgeni mwingine.

"Bashiri! Ulisema nyumba ya nani?"

Bashiri akakitazama kisu. "Ya mzee na... na yako, mama."

"Basi na mimi ni mwenye nyumba. Na nasema hivi: kuna mgeni humu hana kahawa kiganjani na hajala tangu jana. Ni mimi. Mwenye nyumba mwenzangu atanipakulia."

Nikaketi. Kisu nikakiweka kando ya sahani. Padri akainamia kikombe chake.

Msidhani sikuogopa. Mwanamume wa Kihaya ambebee mkewe sahani mbele ya watu? Nilimwona akitazama mlango. Nikajua akitoka pale, narudishwa kwa kaka zangu kabla jua halijazama, na watoto wanabaki.

Akaichukua sahani. Kupakua hakujui, masikini. Alichanganya samaki, uji na jemu, vyote pamoja, mkate juu. Akaja nayo kwa mikono miwili. Kisha akapekua kifurushi chake. Alikuwa amegawa ovyo, imebaki buni moja. Akaipasua kwa meno, punje moja akaiweka kiganjani mwangu, nyingine akaitafuna yeye. Kwetu wanaogawana buni moja hivyo ni ndugu wa damu.

"Karibu, waitu," alisema.

Waitu! Neno la heshima ambalo siku zote mimi ndiye nilimwambia yeye, tena nimepiga magoti.

Nikala. Samaki na jemu, nikala vyote, na machozi yakadondoka humohumo kwenye uji.

Msidhani aligeuka malaika. Tuliporudi Ijumbi nilimenya ndizi jioni ileile. Lakini tangu siku hiyo mpaka leo, ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, vikishaiva, anainuka kufunga mlango, mwoga yule, asionwe na majirani, kisha ananipakulia mimi kwanza. Sikupata kumwambia mtu. Sasa nimewaambia ninyi, na kabla ya giza kijiji kizima kitajua.

Umesikia, Ta Byabato? Weka chini huo mpini, chakula kimeiva. Njoo upakue, na huo mlango uache wazi.