Njugu Moja Kwenye Kopo

Nafundisha darasa la awali upande wa Msalato, na kila mwaka inafika zamu ya mimea. Naeleza mbegu inahitaji nini, jani linafanya kazi gani, ua lina faida gani. Naeleza vizuri, tena kwa picha. Ila jembe sijawahi kulishika. Kwetu ni watu wa duka; babu wa babu yangu alifika Dodoma na msafara, akatandaza bidhaa zake chini, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeinama shambani. Maharage nayajua yakiwa kwenye gunia na yakiwa kwenye sufuria. Ya katikati nimeyasoma.

Mwaka huo niliwaambia watoto kila mmoja alete kopo tupu na mbegu moja. Karibu wote walileta maharage, kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo jikoni. Binti mmoja akaleta njugu mawe, moja, nyeusi, yenye jicho jeupe. Huyu alikuwa mgeni. Mama yake alikuwa amejifungua mapacha huko Busi, Kondoa, mikono ikawa haimtoshi, basi mtoto akaletwa kwa mama yake mdogo Msalato, akaandikishwa kwangu. Mwezi mzima sikusikia sauti yake zaidi ya shikamoo. Kwao wanazungumza Kirangi, nikajiambia Kiswahili ndicho kinachomkwamisha. Kila asubuhi alikwenda dirishani, akainamia kopo lake, akaangalia, akarudi kukaa.

Kufikia siku ya nane makopo yote dirishani yalikuwa na majani, na moja lilikuwa na udongo. Siku ya pili yake, Ijumaa, wazazi wangekuja kuona kazi za watoto. Lile kopo sikulipenda kabisa. Nilimwonea mtoto huruma, hiyo ni kweli, lakini nilijionea huruma zaidi mimi. Basi Alhamisi hiyo watoto walipoondoka nilichukua kopo, nikalimwaga nyuma ya vyoo, nikajaza udongo mpya na kupandikiza mche wa harage kutoka kopo langu la mfano. Nikanawa mikono. Nilirudi nyumbani Area D nikijiona mwalimu mwenye moyo.

Asubuhi akaenda dirishani kama kawaida. Safari hii alikaa sana. Halafu akaja mezani kwangu, kopo mikononi, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mkuu wa shule:

"Shikamoo mwalimu. Hii siyo yangu."

"Marahaba. Ni yako, imeota usiku."

"Hili ni harage. Mimi nilipanda njugu."

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nikamwambia mimea ikiwa midogo hufanana yote. Wenzake wakasogea. Wakaangalia, mmoja akaligeuza jani kuona upande wa chini, wakashauriana kidogo, wakaniambia kwa heshima kwamba ni harage, mwalimu. Walikuwa na miaka mitano. Kwenye andalio la somo nilikuwa nimeandika kwamba mwisho wa wiki mtoto aweze kutofautisha mimea kwa majani yake. Lengo lilikuwa limefikiwa, tena kabla ya chai.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, maana wanaolia nimewazoea. Aliuliza tu, "Yangu iko wapi?"

"Nimeitupa," nikasema. "Ilikuwa imekufa."

"Mama alisema njugu zikikomaa anakuja kunichukua."

Kumbe muda wote ule pale dirishani alikuwa anamsubiri mama yake, na mimi nimemmwaga nyuma ya vyoo. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua, ila asubuhi ile sikumpata mtu wa kumkasirikia. Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto.

Nikajifunga kanga juu ya gauni nililovaa kwa ajili ya wazazi, nikamshika mkono, tukaenda. Wazazi wa kwanza walipofika walimkuta mwalimu kapiga magoti nyuma ya vyoo anachambua udongo kwa vidole. Baba mmoja akasimama.

"Mwalimu, umepoteza nini?"

"Njugu."

"Ngapi?"

"Moja."

Nilisubiri acheke. Akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Baada yake wakaja akina mama watatu, wakauliza yaleyale, wakachuchumaa. Maonyesho ya kazi za watoto mwaka huo yalifanyikia hapo. Aliyeiona ni binti mwenyewe. Ganda lilikuwa limepasuka na mzizi mweupe umetokeza, mfupi kama ncha ya kiberiti.

Mama mmoja akaiangalia, kisha akaniangalia mimi. "Hii ilikuwa inatoka, mwalimu. Ungeiacha siku mbili."

Tuliipanda kwenye kona ya bustani, pale watoto wanaponawia mikono. Ikaota. Kuanzia hapo binti akaanza kusema, na nyingi ya habari zake zilikuwa maelekezo kwangu. Mwalimu, usimwage maji juu ya majani. Mwalimu, sogeza udongo hapa. Ilipotoa maua, madogo ya njano, chini kabisa karibu na ardhi, nilimwambia yatageuka matunda kama nilivyofundisha kwenye picha. Akanihurumia. Akanieleza kwamba njugu huzalia chini ya udongo, na mtu hazioni mpaka ang'oe. Nikaenda kuandika.

Mvua zikaisha, ukaja upepo na vumbi, na mwezi wa sita majani yakawa ya njano. Akang'oa mwenyewe. Zilikuwa nane. Akazikung'uta, akaziweka kwenye mapaja, akakaa mlangoni mwa darasa akiangalia barabara. Kesho yake akaja nazo tena kwenye mfuko, akakaa palepale. Siku ya tatu nikaomba namba kwa mama yake mdogo, nikampigia mama Busi.

Nikajitambulisha, nikamwambia njugu zimekomaa.

"Njugu gani?" akauliza. "Mwalimu, mwaka huu sikulima njugu. Na mapacha hawa ningelima saa ngapi? Nilimwambia vile anyamaze tu, tukiwa stendi, analia."

"Yeye amelima," nikasema. "Zimekomaa. Leo siku ya tatu anakaa mlangoni."

Nikasikia mtoto mmoja akilia huko, na wa pili akimwitikia.

"Mwambie Jumamosi nakuja."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu, maana uongo wangu kwa mtoto huyo ulishatosha. Nikampelekea simu pale mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya mama," akanirudishia.

Jumamosi nilikwenda shuleni bila kazi yoyote. Binti alikuwa ameshafika na mama yake mdogo, na mfuko wake. Mama alikuja saa sita, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani, viatu vimejaa vumbi. Binti hakukimbia. Alimpa shikamoo, akafungua mfuko akamwonyesha. Mama akazitazama zile njugu, akageuka upande kana kwamba anamfunga mtoto vizuri. Mimi nililia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha.

Walipokuwa wanaondoka binti alirudi mara moja. Akachagua njugu moja, akaimenya kwa meno, akaniwekea mbegu kiganjani.

"Panda," akasema. "Usifukue."

Iko dirishani kwangu, Area D, kwenye kopo la maziwa. Leo ni siku ya kumi na tatu na hakuna kitu. Sijafukua.