Mawifi wa Mashine ya Shuka

Mashine ya kunyoosha shuka haiendeshwi na mtu mmoja. Mmoja analisha huku, mwenzake anapokea kule. Akichoka mmoja, wote wanasimama. Balaa lilianzia hapo, maana hawa wawili walikuwa mawifi.

Mama Shuka, ndivyo walivyomwita pale kwenye kiwanda cha kufulia, aliolewa na kaka wa mwenzake. Na mawifi mnawajua! Siku ya harusi tu wifi alimwambia, "Kaka yangu kaoa godoro." Naye akajibu, "Na wewe uliumbwa mdomo kwanza." Wakacheka, wakapendana kwelikweli. Ila hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuizima mashine saa sita, saa ya chakula.

"Umechoka, wifi?"

"Nani, mimi? Labda wewe."

Haya, shuka nyingine.

Saa hiyo ilikuwa haki yao, wala hakuna aliyewanyima waziwazi. Msimamizi alisema, "Anayetaka kula aende," huku anasukuma toroli jingine lililojaa pomoni. Mjanja yule! Alijua utani wa mawifi unamfanyia kazi bure.

Wifi alikuwa na kisukari, na daktari alishamwonya ale kwa wakati. Mama Shuka alijua. Akimkumbusha, anajibiwa, "Ya kwangu niachie mwenyewe." Angeweza kubonyeza swichi akavumilia kuitwa godoro. Hakubonyeza.

Siku moja, saa sita imeshapita, shuka ilitokea upande wa pili ikaanguka sakafuni, na nyingine ikafuata. "Wifi, umelala?" akapaza sauti, akacheka peke yake. Alipozunguka alimkuta chini, na bakuli lake la chakula pembeni, halijafunguliwa. Jioni haikumkuta hai.

Baada ya maziko Mama Shuka alirudi kazini, akapewa msichana mgeni wa kupokea. Ilipofika saa sita akaizima mashine. Msimamizi akaja mbio.

"Na toroli hili je?"

"Litasubiri. Saa hii ni yetu."

Msimamizi alimtazama usoni, akalisukuma toroli kando, akaondoka.

"Mimi bado nina nguvu, mama," msichana akasema.

"Sijakuuliza nguvu. Kaa ule."

Msichana akala. Mama Shuka alifungua bakuli lake, akashika kijiko, akakirudisha bakulini. Akautazama ule upande wa pili wa mashine.

"Nimechoka, wifi," akasema.