Mkaguzi Alipokunywa Chai Barazani

Juzi, katika ofisi moja ya Konde, bibi mmoja wa Makangale aliuliza kwa nini jina lake limekatwa kwenye orodha ya nyumba za bei nafuu.

Karani akapekua faili. "Bi mkubwa, mkaguzi ameandika nyumba yako ni nzuri. Ukuta mpya, makuti mapya."

"Si mlituambia mnakuja? Majirani wakanikandikia udongo ukuta wa mbele, wakaniezekea baraza. Mgeni nimkaribishe penye tundu?"

"Na ndani?"

"Ndani, mvua ikinyesha, wajukuu wanalala wamekaa. Yeye alikunywa chai barazani, akaenda zake."

Karani akafunga faili kwa adabu kubwa.

Basi wenzangu mnaosubiri nyumba, mkaguzi akija msikandike, msifagie, wala chai msimpe. Umasikini wenye haya hauonekani kutoka barazani.