Ubao wa Gatini

Watu wanapokaa kunisifia Bukoba ya enzi za Waingereza, jinsi ufuko ulivyokuwa safi na lile gati la klabu ya mashua lilivyopendeza kwa rangi nyeupe, mimi huinuka nikatafuta shughuli nyingine. Nikibaki nitatukana. Mimi ni mzee sasa, nina wajukuu, lakini gati lile bado linanichemsha damu.

Baba yangu, ambaye nyumbani tulimwita Tata kama Wahaya wote, alikuwa mvuvi wa Rubafu. Siku moja walipokuwa wanavuta mtumbwi nchi kavu, ukateleza ukamwangukia mguu. Mfupa uliunga vibaya. Mvuvi asiyeweza kusukuma mtumbwi wala kusimama kwenye mawimbi, Rubafu hana kazi. Nikamchukua akae nami mjini, katika chumba changu karibu na ziwa. Nilikuwa karani kwenye duka la mfanyabiashara mmoja, na kwa sababu misheni walinifundisha mwandiko, kazi ya kuandika vibao vya mji mzima ilikuwa yangu pia: vya maduka, vya malori, vya milango ya ofisi.

Miezi ile ya kwanza niliogopa atanifia. Haumwi, hana homa, anakaa tu kitandani akitazama ukuta. Mtu aliyelisha nyumba kwa mikono yake, sasa anangoja mwanawe atoke kazini amletee ndizi! Ikafika mahali akawa anasukuma sahani. "Kula wewe unayefanya kazi," aliniambia. Hebu fikiria baba yako akuambie hivyo.

Kilichomwokoa ni gati. Wazungu walilijenga kwa ajili ya mashua zao za starehe, mbao juu na nguzo nene chini, na Tata alipoliona alisimama akacheka peke yake. Chini ya gati kuna kivuli, na samaki aina ya ngege wanapenda kivuli. Tena halihitaji mtumbwi. Unakaa, unaning'iniza mguu mbovu, unavua. Akaagiza matawi ya mibuni yaliyopogolewa, na ndugu yetu wa Buganguzi akaleta mzigo mzima akidhani tunataka kuni. Tata akayafunga mafungu kwa kamba za migomba, akatia jiwe katikati ya kila fungu, akayazamisha kando ya nguzo. Siku kumi nzima hakutumbukiza ndoano. Aliyaacha yaote ukungu wa kijani ili samaki wadogo waje, kisha wakubwa wazoee.

Siku ya kumi na moja alirudi na ngege watano kwenye ugwe, anachechemea na kufoka kama mwenye nyumba: "Bandika chungu! Unangoja nini?" Jioni ile alikula mpaka akaniomba na kichwa cha samaki kilichobaki kwenye sahani yangu. Tangu hapo tukawa tunakula jasho lake, na nikampata tena baba yangu bila dawa yoyote.

Tatizo lilikuwa Jumamosi na Jumapili. Loo, vurugu ile! Mashua za tanga zinapishana, za injini zinanguruma zikienda hivi na kurudi vilevile, bila kupeleka mtu wala mzigo mahali popote. Mawimbi yanapiga nguzo, boya la Tata linarukaruka, na mara mbili rafadha ilimkatia mshipi. Hakuna aliyegeuka kusema pole. Mmoja alinasa tawi kwenye nanga yake, akalitupa ufukoni akisema hatujui usafi. Usafi! Yeye ambaye injini yake ilimwaga mafuta mpaka maji yakang'aa rangi.

Ndipo akaja bwana katibu wa klabu. Huyu, nisimsingizie, alikuwa mtu wa kucheka. Alijua Kiswahili, alichuchumaa kando ya Tata, akamuuliza vipi yeye anapata samaki na wanachama wake hawapati. Tata akafanya lile ambalo Mhaya yeyote mwenye adabu angefanya mgeni anapochuchumaa kwake. Akatoa kifuko, akampa akamwani, yaani zile punje za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu hutafunwa. Ukimpa mtu, akapokea, akatafuna mbele yako, hapo hamna tena uadui. Wazee walifungia undugu wa damu kwa punje hizohizo. Bwana akapokea, akatia mdomoni, akatafuna.

Basi Tata akamwonyesha yote. Nguzo ya tatu, ya tano, ya mwisho upande wa kulia. Matawi ya nini, yafungwe vipi, yakae siku ngapi. Aliporudi nyumbani kunisimulia nilishika kichwa.

"Tata, mzungu hajui maana ya akamwani!"

"Ana meno au hana?" akanijibu. "Ametafuna. Nimemwona akitafuna."

Ungembishia nini? Jumamosi iliyofuata wanachama walijipanga pale na fimbo zao za kuvulia za kung'aa. Katika nguzo zilezile! Walivua, walipiga makelele, walipima kila ngege kwa rula kuona nani ana mrefu, kisha wakawatupa ufukoni, korongo wakawagombania. Samaki wa kulisha watu! Tata alikaa pembeni kwenye mawe, mshipi umekunjwa mapajani, akasema rafiki yake anacheza na wageni wake, Jumatatu patakuwa patupu. Na kweli Jumatatu alirudi kuvua. Wakati mwingine nadhani ule upole wake ndio uliokuwa ukiniudhi kuliko wazungu wenyewe.

Siku moja yule bwana akaingia dukani. Alikuwa na ubao uliokwisha kupigwa rangi nyeupe na karatasi yenye maneno ya Kiingereza. Alitaka yaandikwe pia kwa Kiswahili, herufi kubwa, nyeusi, zionekane toka mbali. Nikasoma. Hakuna ruhusa kuvua samaki katika gati hili isipokuwa wanachama wa klabu.

Tajiri wangu alikuwa amesimama palepale akitabasamu kwa mteja. Nikajikaza nikauliza, "Bwana, na yule mzee mwenye mguu mbovu?"

"Ah, yule! Mzee mcheshi sana," akasema. "Mimi binafsi ningemwacha, lakini wanachama wamelalamika kwamba anawamalizia samaki. Sheria ni ya wote." Halafu akacheka. "Unajua alinipa punje fulani chungu? Nikatafuna kwa heshima, nikaja nikaitema nyuma ya gari."

Jamani! Anawamalizia samaki! Samaki waliokuja kwa matawi ya nani? Kulikuwa na brashi mkononi mwangu na mlango wazi mbele yangu. Ningeweza kuiweka chini nikatoka. Nikamwangalia tajiri, naye akanionyesha ubao kwa kidevu. Nikachovya brashi. Niliandika kila herufi vizuri, sikuharibu hata moja, na mpaka leo sijui mkono ule ulikuwa wa nani kama si wangu.

Nyumbani sikusema kitu. Nilijiambia labda hawatautundika, labda bwana ataona haya. Asubuhi ya pili Tata alipochukua mshipi wake nikamfuata, nikisingizia nina safari upande ule. Walikuwa wameupigilia kwenye nguzo ya kwanza, mahali ambapo huwezi kupita bila kuuona. Mlinzi alisimama kando na rungu, akitazama majini asikutane na macho ya Tata.

Tata hakujua kusoma. Alisimama mbele ya ule ubao, mkono mmoja ameshika nguzo.

"Nisomee."

Nikamsomea.

"Wanachama ni akina nani?"

"Ni wao, Tata. Wenye mashua."

"Na rafiki yangu anajua?"

"Anajua."

Nilitaka apige kelele. Nilitaka aung'oe ule ubao autupe ziwani, nami nimsaidie, tupelekwe kituoni wote wawili. Badala yake akasogea karibu, akapitisha kidole kwenye herufi zangu, moja baada ya nyingine, polepole.

"Mistari imenyooka," akasema. "Aliyeandika ni mzungu?"

"Ndiyo, Tata. Ni mzungu."

"Afadhali," akasema, akaniwekea mkono begani ili nimsaidie kutembea, tukarudi nyumbani.