Ulimfikisha au Ulimshusha?

Upo usiku mmoja ambao haujanitoka, mwanangu, ingawa miaka mingi imepita na macho yangu siku hizi hayaniruhusu tena kushika usukani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, dereva wa teksi, na gari lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyeishi Shauri Moyo, Nairobi, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji. Mimi nilikuwa nimepanga chumba mlango wa tatu kutoka kwake. Mzee alikuwa ameendesha malori ya masafa marefu mpaka mgongo ukamkataa, ndipo akanunua lile gari na kunikabidhi mimi, Mutua, kijana wa Makueni.

Alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa. Niliporudi usiku, hata nikichelewa vipi, nilimkuta macho, birika likiwa juu ya jiko la makaa. Swali lake la kwanza halikuwa nimepata nini. Aliniuliza, "Leo umebeba nani?" Nami nilikuwa nikimweleza: mchuuzi wa Gikomba na mizigo yake, bibi harusi aliyekuwa akilia, padri aliyesinzia njia nzima. Nilidhani ni upweke tu, mzee anataka hadithi kabla ya kulala.

Usiku huo ninaokuambia nilikuwa nimeegesha uwanja wa ndege. Ukungu ulikuwa umeshuka mzito, taa zikaonekana kama zimefunikwa kwa kitambaa. Ndege ya kutoka Bujumbura ilikuwa imechelewa saa nyingi, ikatua baada ya saa sita usiku. Abiria walitoka mmoja mmoja, wakapokelewa na watu wao, wakaondoka. Mwishowe akabaki mama mmoja wa makamo, amejitanda kitenge, ana begi moja na kikapu kilichofunikwa vizuri ambacho harufu yake ilinijulisha mara moja kwamba ndani mna dagaa. Alikuwa akimtazama kila mtu usoni, kama vile mmoja wetu angegeuka na kuwa mtu anayemjua.

Nilimwendea nikamwambia, "Sasa mama, twende?" Akatabasamu, akauliza kwa Kiswahili laini kama hiyo ilikuwa salamu au ni amri. Nikaona haya, nikamwamkia upya, shikamoo, naye akaipokea kana kwamba nimempa kiti.

Jina lake lilikuwa Bi Mwajuma. Alikuwa hajawahi kupanda ndege wala kuvuka mpaka wa nchi yake. Binti yake Hadija aliolewa huku na dereva wa lori, na wakati huo mume alikuwa safarini mbali. Hadija alikuwa na mimba ya kwanza, imemwelemea, na madaktari walikuwa wamesema huenda akapasuliwa. Ndipo akaandika barua kumwita mama yake. Chumba chao kilikuwa kidogo, hivyo akamtafutia mama malazi katika lojing'i ya jirani. Mwenye lojing'i alikuwa rafiki yake. Kama Hadija angekuwa tayari amelazwa, huyo ndiye angemwelekeza mama hospitali gani na wodi gani. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa za watu wachache. Kila kitu alichokijua Bi Mwajuma kuhusu Nairobi kilikuwa katika kipande cha karatasi alichokishika mkononi.

Tulipita barabara tupu kabisa. Nairobi bila magari ni mji mwingine, mwanangu. Viwanda vilikuwa vimelala, isipokuwa kimoja cha mikate, na harufu ya mkate wa moto ikaingia dirishani ikatufuata mwendo mrefu. Bi Mwajuma alikuwa akizungumza polepole nyuma yangu. Alinisimulia jinsi ziwa lao linavyokuwa jeusi usiku, na taa za Uvira ng'ambo ya maji zinavyotetemeka, na jinsi Hadija alipokuwa mdogo alivyoamini kwamba kule ng'ambo ndiko nyota hulala. Nilikuwa nimeamka tangu alfajiri ya jana yake. Sauti ile ilinipeleka, nikawa naendesha kama mtu anayeota, sijui tena kama niko Nairobi au niko kando ya ziwa ambalo sijaliona.

Eastleigh tuliikuta gizani, stima imepotea, mashimo ya barabara yamejaa maji ya mvua. Nilisimama nikawasha taa ndogo ya ndani, nikaisoma karatasi. Eastleigh, mtaa 7, lojing'i ya geti la kijani. Nikaingia mtaa wa saba. Geti la kijani lilikuwepo, kubwa, limefungwa. Halikuwa na kibao wala taa, wala hapakuwa na dirisha lililoonyesha kwamba mle ndani watu hulala. Moyo wangu uliniambia kitu, nitakuwa mwongo nikikataa. Lakini nilikuwa na usingizi, na geti lilikuwa kijani.

Akaniuliza, "Ndipo hapa, kijana wangu?"

Nikamjibu, "Ndipo hapa, mama."

Nilimshushia begi na kikapu, nikaviweka karibu na geti, nikamtakia usiku mwema. Nilipokuwa nikigeuza gari nilimsikia akibisha mara ya kwanza. Kwenye kioo nilimwona ameinua mkono abishe tena, taa nyekundu za nyuma zikimmulika mgongoni. Kisha nikakata kona.

Mzee Wafula alinimiminia chai, akaniuliza nimebeba nani. Nami nilisimulia vizuri, maana hadithi ya ziwa ilikuwa bado inaogelea kichwani mwangu. Nilimweleza habari za Hadija na barua na zile nyota. Alisikiliza ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, ni nani aliyemfungulia.

Nikasema sikungoja, ila nilimwacha mlangoni kabisa.

Akaweka kikombe chini. "Mutua," akasema, "ulimfikisha au ulimshusha?"

Nilimtazama akisimama kwa shida, akavaa koti kubwa juu ya nguo za kulalia, akaingiza miguu kwenye gambuti. Akaniambia kwamba miaka kumi na mmoja alipeleka lori Bujumbura, na hakuna hata usiku mmoja aliolala nje katika mji ule, kwa sababu kila alipobisha palikuwa na mtu wa kumfungulia. Hakunipandishia sauti. Afadhali angenipandishia.

Tulirudi Eastleigh. Usingizi wote ulikuwa umenitoka. Tulipofika mtaa wa saba, taa za gari zikaangaza geti la kijani, na mbele yake hapakuwa na mtu. Mzee akabisha kwa ngumi mpaka mbwa akabweka na mlinzi akajibu kutoka ndani. Alisema hapo ni stoo ya mablanketi. Ndiyo, mwanamke mmoja alibisha, akamwambia aende zake, hakuna lojing'i hapa. Alikwenda upande gani, hakujua.

Mwanangu, kuna hofu ya kupotea mwenyewe, na kuna hofu ya kumpoteza mtu wa watu. Ile ya pili sikuwa nimeijua mpaka usiku huo. Tuliacha gari tukatembea, Mzee ameniegemea begani kwa sababu ya mgongo, tukichungulia kila kibaraza, kila mkokoteni uliofunikwa turubai. Nilifikiria Hadija, ambaye sijawahi kumwona, akiniuliza mama yake nimempeleka wapi.

Mitaa miwili kutoka pale tuliona mwanga wa moto. Mama mmoja wa Kisomali alikuwa ameanza kupika anjera, ile mikate laini ya kwao, za kuuza asubuhi, mlango wake mdogo umefunguliwa nusu ili moshi utoke. Na ndani, kwenye kigoda, Bi Mwajuma alikuwa ameketi, shuka la yule mpishi limemfunika mabega, kikapu kiko miguuni pake. Alikuwa ametembea gizani na mizigo yake hadi alipoona moto. Hawakuwa wakielewana maneno mengi, wale wawili, lakini mmoja alikuwa na baridi na mwingine alikuwa na jiko.

Niliinama mbele yake nikamwomba msamaha.

"Sikuogopa giza," akasema. "Giza la kwetu na la kwenu ni moja. Kilichoniogopesha ni kwamba uliniambia ndipo hapa, nami nikakuamini."

Mzee Wafula alimwamkia kwa maneno machache ya Kirundi aliyoyakumbuka, uso wa yule mama ukafunguka kidogo, kisha Mzee akaiomba karatasi. Akaisogeza karibu na moto, akanionyesha kwa kidole. Ile haikuwa saba, ilikuwa moja. Kule Burundi, akasema, moja huandikwa na mkia mrefu mbele, na saba ndiyo hukatwa katikati. Alikuwa ameziona tarakimu hizo miaka mingi kwenye stakabadhi za mizigo. Kwa hiyo kosa la kusoma halikuwa kubwa, mtu yeyote angelifanya. Kosa langu lilikuwa lile la baada ya kusoma.

Mtaa wa kwanza, geti dogo la kijani lilikuwa wazi. Mwenye lojing'i, mama mnene aliyejifunga leso mbili, alikuwa ameketi kwenye benchi na taa ya chemni, hajalala. Alimkumbatia Bi Mwajuma kabla hajajitambulisha. Kisha akatupa habari. Jioni ile Hadija alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, wakamkimbiza hospitali ya wazazi. Hakubaki mtu wa kwenda uwanja wa ndege. Tangu saa nane usiku, akasema, alikuwa akitazama barabara akijiuliza mgeni amekwama wapi.

Saa nane. Ndiyo saa niliyokuwa nikinywa chai Shauri Moyo na kusimulia habari za nyota.

Bi Mwajuma hakutaka hata kuona kitanda alichowekewa. Niliendesha kuelekea hospitali, na sikumbuki nimewahi kuendesha kwa uangalifu vile. Langoni askari alisita, Mzee akamweleza kwa upole, akatufungulia. Nilimsindikiza mama ndani. Nilingoja mpaka muuguzi akatokea, akasikia jina, akamshika mkono na kumwambia afanye haraka. Ndipo nikatoka nje, nikakaa na Mzee kwenye benchi la saruji.

Baadaye sana, jua limeshaanza kugusa mabati, Bi Mwajuma alitoka. Alikuwa amemkuta binti yake akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kupelekwa chumba cha upasuaji. Aliushika mkono wake kutoka mwanzo wa korido hadi kwenye mlango, mwendo wa hatua chache tu. Hadija alikuwa amemwambia, "Mama, nilidhani hukuja." Sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Wote wawili walikuwa wazima, na yule mama alilia huku akicheka, na Mzee Wafula akavua kofia yake akaitazama ardhi.

Watu niliowahi kuwasimulia husema, basi si mambo yaliisha vizuri. Ni kweli, namshukuru Mungu. Lakini zile saa mbili zilizopotea hakuna aliyemrudishia Hadija. Alizilala peke yake katika nchi ya wenyewe, akiamini mama yake hakuja, kwa sababu kijana mmoja alikuwa na usingizi na akaona aibu kusema, mama, sina hakika, ngoja tuulize.

Mzee Wafula hakulirudia swali lile tena maishani mwake. Kesho yake aliniuliza tu kama kawaida nimebeba nani. Nami nikaanza kumsimulia habari za abiria wangu mpaka mwisho: nani alitoka kuwapokea, taa ipi iliwashwa, kufuli ipi ilifunguliwa. Miezi miwili baadaye nilimrudisha Bi Mwajuma uwanja wa ndege, mchana. Aliniuliza jina la mama yangu aliyekuwa Makueni, akamwombea dua pale pale kwenye foleni, mimi nimesimama kando nimeshika begi.

Siku hizi hapa mtaani Umoja nawaona ninyi vijana wa teksi mkiitwa kwa simu, na simu hiyo hiyo ikiwaambia mmefika. Simu inajua barabara kuliko nilivyoijua mimi. Haijui kama kuna mtu ndani. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, ukimpeleka mtu mahali, ngoja. Zima gari uone mlango unafunguliwa na anayefungua anamjua. Na ikiwa huna hakika, sema huna hakika. Hakuna aibu katika hilo, na mgeni ataheshimu zaidi kuuliza kwako kuliko uongo wako wa upole. Wala si kwa madereva tu ninasema. Utampeleka mtoto shule, utampeleka mgonjwa kwa daktari, utampa mtu ahadi ya kazi au ya ndoa. Usimwache getini ukajiambia umemaliza. Usingizi utakuja tu, haukimbii. Na ikitokea umekosea, kama nilivyokosea, rudi usiku huo huo, usingoje asubuhi, maana huenda bado kuna mkono wa kushikwa.

Mungu akulinde unapotoka na unapoingia. Akupe moyo mwepesi wa kukiri na miguu isiyochoka kurudi. Siku utakayokuwa mgeni wewe, katika mji usioujua, akuletee mtu wa kukaa nawe mpaka utulie. Nenda salama, mwanangu.